Fundi wa Pampu na Lori la Ng'ombe Kumi na Wawili

Fundi wa pampu hakuwahi kuniuliza lori langu lina tatizo gani. Mafundi wengine wote wa Singida huanzia hapo, na mimi huwa nimeshapanga jibu kabla sijafungua mlango. Yeye aliuliza siku ya mwisho lilipokuwa zima nilikuwa wapi. Ukimjibu kwa mkato alikurudisha mwanzo. Alitaka safari nzima: ulipakia nini, mafuta ulijaza wapi, nani alishika dumu, lori lililala wapi, na asubuhi yake liliwaka kwa kupigwa stata mara ngapi. Wakati unaeleza, yeye alikunywa chai ya tangawizi polepole. Sijui kama kuna kitu kinachokera kuliko mtu anayekunywa chai polepole huku riziki yako inatetemeka mbele yake.

Na mimi hukereka haraka, niseme mapema. Mwanamke anayeendesha lori la tani saba kati ya kijijini kwetu Kinyangiri na mjini asipokuwa na hasira kidogo, watu watamkalia kichwani. Kila gereji niliyoingia niliulizwa dereva yuko wapi. Fundi wa pampu hakuuliza. Siku ya kwanza alitazama viatu vyangu, akaona soli ya kulia imelika kuliko ya kushoto, akaniambia, "Unakanyaga sana mafuta, mwanangu," tukaendelea na mazungumzo.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya maghala ya alizeti: mabati matatu juu ya nguzo, na jiwe moja kubwa lililokuwapo hapo tangu enzi, ambalo alilifanya meza. Kibao hakuwa nacho. Upepo wetu, ule ambao wageni wanaulalamikia kila mwaka, ulimletea makapi kutoka kwenye mashine za kukamua, kwa hiyo kila bomba alilolifungua alilifunika kwa kitambaa safi. Chembe moja ya vumbi ndani ya nozeli inayopulizia mafuta kwenye injini, alisema, inatosha kukulaza njiani. Nguo zake zilikuwa chafu kupita kiasi, kola imeoza kwa grisi, lakini vitambaa vile alivifua mwenyewe kwa sabuni na kuvianika kwenye waya. Niliwahi kufutia mikono kimoja, na hakunisemesha mpaka jioni.

Tusi lake kubwa lilikuwa "mbadilishaji". Huyo ni fundi anayefungua boneti, anasikiliza injini kwa dakika moja, kisha anakutuma dukani ukanunue kifaa kipya. Kwake yeye, pampu ya dizeli ilikuwa kitu cha mwisho kuguswa, ingawa watu walimwita kwa jina la pampu. Alianzia kwenye tangi, akafuata mpira wa mafuta, kisha filta, kisha pampu ndogo ya mkono, na kila hatua alisimama kama anangoja ruhusa. Penye mpira wa mafuta aliunga kipande cha mpira wa dripu, ule wa hospitali, kwa sababu unaona ndani. Mapovu yakipita, hewa inaingia mahali, na injini inayonyonya hewa haiwezi kutulia. Nimemwona akitafuta tundu dogo kuliko ncha ya sindano kwa nusu siku, akipaka povu la sabuni kila kiungo, wakati mwenye gari anazungukazunguka na simu sikioni akiahidi watu kwamba anafika.

Kwenye lile jiwe aliweka pia chupa tupu ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha ndani. Alichota dizeli kutoka chini kabisa ya tangi, akaitia humo, akaiacha juani. Siku moja dereva wa Mungaa aliapa mbele yetu kwamba hajawahi kununua mafuta ya vidumu barabarani, anajaza sheli tu. Akiwa bado anaapa, maji yalijitenga na kukaa chini ya chupa, vidole viwili vizima. Fundi alichukua birika. Alimmiminia chai. Yule dereva alikunywa nusu kikombe, akaanza mwenyewe kueleza habari ya kidumu, na mtu aliyemuuzia, na mahali. Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu wakati huo sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Sehemu ya kazi yake niliyopenda kuitazama ilikuwa ya vidole. Kutoka kwenye pampu yanatoka mabomba membamba ya chuma, kila moja linapeleka mafuta kwenye nozeli ya silinda yake. Aliyashika moja moja injini ikiwa inaunguruma, macho ameyafumba, akihesabu mapigo. Kisha alichukua spana, akalegeza nati ya bomba la kwanza. Injini ikibadilika sauti, silinda hiyo inafanya kazi. Alikaza, akaenda ya pili. Ile ambayo ukiilegeza injini haijali kabisa, hiyo ndiyo yenye ugonjwa. Ni jambo rahisi na kila fundi analijua, lakini wengi hawana subira ya kufika ya sita.

Mtu wa subira hivyo ungedhani ni mpole. Hakuwa mpole. Aliwafokea wazee wenzake kwa sababu ya kifuniko cha tangi kilichopotea na kuzibwa kwa mfuko wa plastiki. Alitengeneza malori miaka mingi lakini kuendesha hakujua hata kidogo, na ukimtania kuhusu hilo alikasirika kweli. Aliwahi kumfukuza mtu karakanani kwa kunyonya dizeli kwa mdomo, akamhubiria kwamba mafuta hayo yakiingia kifuani hayatoki. Kesho yake nilimkuta yeye mwenyewe, mpira mdomoni, anatema na kukohoa. Nilimsema. Akanijibu kwamba mapafu yake yeye yameshazoea. Hayakuwa yamezoea.

Jambo moja halikuwa na mgongano kwake: hakudanganya juu ya injini. Hakuwa na maneno ya kupoza. Ukimletea injini mbovu, alikwambia ubovu wake wote, hata kama unamtegemea akupe moyo uvuke siku. Nimeona wanaume wazima wakitoka pale wameinamisha vichwa. Nilidhani anapenda kuona watu wakiumia, na nilimwambia hivyo, naye akasema mtu asiyejua ukubwa wa shimo atatumbukia yeye na familia yake.

Sasa niseme lori lile lilikuwa nini kwetu. Lilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Baba alipofariki alituachia hao, na kaka yangu anayeishi Dodoma alisema wasiguswe, kwa sababu chuma hakizai. Mimi ndiye niliyekaa na mama jikoni siku tatu nikimshawishi. Nilimwambia vitunguu na alizeti za vijiji vyetu zinaoza kwa kukosa usafiri, na kwamba mvua ikikatika ng'ombe wanakufa lakini lori halifi kwa ukame. Akakubali, si kwa sababu ya hoja zangu, bali kwa sababu ni mimi. Siku ng'ombe walipoondolewa kwenda mnadani hakutoka nje. Siku lori lilipofika alilizunguka mara mbili, akalipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyopiga ng'ombe anayemkagua, na tangu hapo hakuliita lori. Aliliita huyu.

Msimu wa baridi wa mwaka wa pili, huyu akaanza kutetemeka. Asubuhi, kwenye sailensa, yaani linaponguruma limesimama bila kukanyagwa, lilipanda na kushuka, likatoa moshi mweupe, likazima. Ikifika saa sita mchana ni zima kabisa. Hapo ndipo penye wazimu. Nilifika gereji nikiwa nimelia njiani, na lori likaunguruma vizuri mbele ya fundi wa hapo, naye akanitazama kama mtu aliyekuja kupoteza muda wake. Mmoja akasema pampu imekufa. Mwingine akasema ni nozeli, nikabadilisha nozeli zote, likatulia siku tatu, likarudia. Kisha likaanza kukosa nguvu mlimani hata mchana. Wakulima waliokuwa wakinisubiri na magunia barabarani wakaita magari mengine. Siwalaumu, vitunguu havisubiri. Kaka alipiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Ng'ombe wanaendeleaje?" Nilikuwa nakata simu na kukaa kwenye kebini mikono ikiwa kwenye usukani. Nilikata tamaa, nasema wazi. Nilifikiria kuliacha barabarani na funguo ndani, nipande basi lolote, niende mahali ambapo mama hawezi kuniuliza.

Kwa fundi wa pampu nililipeleka nikiwa nimechelewa, kwa kiburi tu, kwa sababu nilijua atauliza maswali. Akauliza. Nikamsimulia safari zote, na kwa mara ya kwanza nikamwambia ukweli wote, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kudanganya. Siku ya tatu alifungua filta akakuta ndani mna kitu kizito kama uji uliolala. Akasafisha, likawaka vizuri. Nikaenda nyumbani nikimshukuru Mungu, na baada ya siku nne nikarudi kwake lori linatetemeka vilevile. Safari hii hakulitupa lile bonge la uji. Alilikwangua, akaliweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa, akakaa kulitazama. Likayeyuka. Karakana yote ikanukia maandazi.

"Hii siyo dizeli," akasema. "Hii ni alizeti, na haikuchujwa. Ikipigwa na baridi inaganda. Nani analipikia lori lako?"

Nilijua papo hapo ni nani. Ni yule anayeniuzia mafuta ya vidumu pale kijijini siku ambazo siwezi kufika sheli. Bila shaka anatumia madumu ya mashine ya kukamua. Niliondoka mbiombio kwenda kumvunja taya. Fundi akanishika mkono, akasema kabla sijagombana na mtu anataka kuona mahali lori linapolala.

Alikuja Kinyangiri kwa basi jioni yake, mimi nikiwa nimetangulia na lori. Mama alimchinjia kuku, wakaongea habari za mvua, akapewa chumba kwa jirani. Alfajiri, kabla jua halijatoka, alikuja kuniamsha, tukasimama nyuma ya ghala la mtama tukiwa tunatetemeka kwa upepo. Mama akatoka jikoni, kitenge begani, mkononi ana chupa na faneli. Akalipiga lori ubavuni kwa kiganja, akafungua tangi, akamimina. Alimimina taratibu na kwa upendo, akisema nalo kwa Kinyiramba maneno yale yale ambayo baba alikuwa akisema zizini. Ng'ombe akivimba tumbo, kwetu ananyweshwa mafuta ya kula kwa chupa, na mara nyingi anapona.

Nilitaka kukimbia. Sijui ningesema nini, lakini lingekuwa neno baya. Fundi alinikamata sweta na kunivuta nyuma. Kisha akaenda yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu anakohoa asubuhi. Alikohoa mara moja baridi ilipoanza, nikampa kidogo. Naona bado, basi nampa kila siku."

Nilingoja amwambie. Mtu yule ambaye hajawahi kumhurumia mwenye gari hata mmoja, ambaye aliwaambia watu ubovu wao usoni. Aliiangalia faneli.

"Umefanya vizuri kumwangalia," akasema. "Sasa ameshapona. Dawa ikizidi humgeukia mgonjwa, unajua mwenyewe. Haya yaliyobaki nipe mimi nikakaangie samaki."

Mama alifurahi mno. Alimpa dumu zima. Njiani nikamwambia fundi kwamba amedanganya, naye akaniambia niangalie barabara mpaka tufike mjini. Huko alilifungua tangi na kuliosha, kisha akafanya kile ambacho sikuwahi kumwona akikifanya kwa gari langu: aliifungua pampu. Siku kumi na moja. Kila kipande kilikaa juu ya kitambaa chake safi kwenye lile jiwe, na hakuna aliyeruhusiwa kupita upande wa upepo. Siku ya kumi na mbili liliwaka asubuhi ya baridi kali, likatulia, nami nikakaa chini kwenye mavumbi. Kwa miaka iliyofuata mama aliwasimulia majirani kwamba fundi mkubwa wa mjini alikuja akakuta yeye ameshalitibu lori. Mimi nilikuwa natabasamu tu. Nilishukuru kwamba hajui.

Mara ya mwisho kumwona fundi ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno. Karakana alikuwa ameifunga kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, akahamia kwa binti yake huko chini ya mlima Sekenke, na mimi nilikuwa nimeshapita kwa kila mtu mwenye spana kuanzia Mkalama hadi mjini. Lori lilitetemeka asubuhi na mchana, likatoa moshi wa bluu, likanywa oili kuliko dizeli. Niliteremka mlima ule kwa gia ya kwanza, breki mguuni, naomba Mungu kwa sauti. Nilisema moyoni kwamba yeye atajua, atanusa, atafumba macho. Nilimshikilia hivyo kwa sababu sikuwa na kingine cha kushikilia.

Alitoka ndani amejifunika shuka, amekonda, nikamwamkia, akaitika, akaomba nisizime injini. Alifungua kifuniko cha oili juu ya injini, akaweka kiganja pale, na mimi niliyekuwa pembeni niliona moshi ukimsukuma kiganja. Chini ya kifuniko oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akaniomba spana. Alilegeza nati ya kwanza, akapumzika. Ya pili, akapumzika. Binti yake alileta kigoda akakikataa. Kati ya silinda sita, tatu injini haikujali kabisa.

"Siyo mafuta," akasema. "Ingekuwa mafuta ningekusaidia. Bloku imepasuka, maji yanaingia kwenye oili. Ukilitoa hapa halifiki juu."

Nikamwambia tutafungua, tutaweka ringi mpya, tutachomelea. Akatikisa kichwa kwa kila neno. Nikamwambia sina kitu kingine, nyumbani zizi limeota majani, na mama yangu ana miaka sabini na mitano na alinisikiliza mimi badala ya kumsikiliza mwanawe wa kiume. Nikapiga magoti, mtu mzima, mbele ya binti wa watu.

"Niambie litapona," nikasema. "Ulimdanganya mama yangu. Nidanganye na mimi."

Alikaa sasa kwenye kigoda. Alihitaji muda kupata pumzi.

"Mama yako nilimdanganya kwa sababu pampu ilikuwa inatengenezeka."

Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Yeye hakunibembeleza. Alingoja, na nilipomaliza akasema nimpigie mama simu sasa hivi, kwa sababu kesho nitaanza kutunga maneno. Nikapiga. Nilimwambia mama kwamba huyu amekufa, kwamba ng'ombe wa baba wamekwisha, na kwamba ni mimi.  Mama akauliza niko na nani, nikamwambia, akataka nimpe fundi simu.

Fundi alisikiliza kwa muda mrefu, simu imebanwa sikioni kwa sababu injini ilikuwa bado inanguruma. "Hapana mama," alisema. Akasikiliza tena. "Hapana. Wallahi, hapana." Akanirudishia simu, imeshakatwa.

Nikamuuliza mama amesema nini.

"Anauliza kama ni yale mafuta yake," akasema. "Anasema amekuwa akiogopa kuuliza miaka yote hii."

Nilimtazama usoni, naye akaangalia pembeni, akivuta shuka yake. Sikumuuliza kama alichomjibu ni kweli. Nilipanda kwenye kebini, nikazima injini.